Pikapu isiyotaka mzigo: hivi yule bwana wa kishikwambi alinichukuliaje?

Mshare wa Tengeru
Wakuu, naandika nikiwa bado sijavua viatu. Yule bwana mnamfahamu nyote, aliyekuwa akizunguka sokoni Tengeru leo Jumamosi na kishikwambi chake, akituonyesha picha za pikapu ya siku zijazo, ambayo ni gari la mfano tu na halijaanza kuuzwa. Nilimsikiliza kwa adabu zote. Alisema inatumia umeme, haina vitasa vya milango, na badala ya saiti mira imewekewa kamera mbili zenye ukubwa wa punje ya haragwe, ambazo kwa vumbi letu la kiangazi zitaona giza kabla ya kufika Usa River. Nilivumilia. Nikamuuliza swali moja tu: bodi yake inabeba mikungu mingapi ya ndizi mshare? Akanitazama, akaitazama pikapu yangu, akatabasamu na kusema, "Mzee wangu, gari hili halikutengenezwa kwa ajili ya mizigo."

Pikapu! Haikutengenezwa kwa ajili ya mizigo! Ni sawa na mtu kukuuzia jembe, kisha akakuonya lisiguse udongo. Bodi yenyewe ni fupi kiasi kwamba mkungu mmoja ukilazwa, nusu yake itaning'inia njia nzima hadi soko la Kilombero, Arusha mjini, na juu yake wameweka kifuniko kinachojifunga chenyewe, nadhani kwa kuona aibu. Lakini hayo si kitu. Ni lile tabasamu. Alitabasamu mke wangu akisikia, wachuuzi wakisikia, na kijana ninayemlipa kupakia akisikia, na kijana huyo, nilipomhimiza amalizie mkungu wa mwisho, akanijibu taratibu, "Mzee wangu, gari hili halikutengenezwa kwa ajili ya mizigo." Watu wakacheka mpaka mizani ikaanguka.

Fundi wa Unga Limited
Pole, mkuu. Ila pikapu yako naijua, na kwa heshima zote, hiyo nayo haikutengenezwa kwa ajili ya mizigo. Ilitengenezwa kwa ajili yangu, maana springi zake ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba.

Mama Kiborloni
Afadhali ninyi mmeonyeshwa picha bure. Kila anayechora pikapu siku hizi anaichora dabo kebini ya kupeleka watoto shule, na sisi wa marobota ya mitumba hatumo. Toyota walionyesha pikapu ya mfano, IMV 0, kule Thailand Desemba 2022, yenye bodi bapa na matundu ya boliti ili mwenye gari ajengee juu yake atakacho, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa huko kwa jina la Hilux Champ. Bwana huyo angekuja na picha za ile, ningempikia mtori.

Kijana wa Majengo
Ninyi mnahangaika na bodi, mimi nahangaika na vioo. Cybertruck, pikapu ya umeme ya Tesla, ilipozinduliwa Marekani mwaka 2019, kioo kilichosifiwa kwa ugumu kilirushiwa tufe la chuma kikapasuka mbele ya wageni. Changu kilipasuliwa na kokoto iliyorushwa na lori, na hakuna aliyepiga makofi.

Mshare wa Tengeru
Wakuu, turudi kwenye mada. Alitabasamu.

Fundi wa Unga Limited
Mada ni springi, mkuu. Ilete Jumatatu kabla ya saa nne.

Mama Kiborloni
Fundi, yangu gia ya tatu inachomoka yenyewe nikipanda Kibosho. Unachukua shilingi ngapi?