MJADALA: Kelele za baa na mikesha ni suala la mazingira, au NEMC inaingilia yasiyoihusu?

Wakuu, habari za jioni.

Kila NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira hapa Tanzania, ikifungia baa au kumbi kwa sababu ya kelele, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2023, watu huja juu: "Hawa si watu wa mazingira? Waende kwa wakata miti na viwanda vinavyomwaga maji machafu mtoni. Muziki unawahusu nini?" Nimeyasikia kwenye daladala, nimeyasikia saluni, nimeyasikia hata kwa mtu mwenye digrii ya sheria.

Msimamo wangu nautoa mapema: kelele ni mazingira, hilo halina ubishi. Ila NEMC siyo wa kukimbizana na baa moja moja.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inapoeleza mazingira ni nini, inataja hewa, ardhi, maji na hali ya hewa, halafu papo hapo inataja sauti, mwanga, harufu, hata ladha. Na haiishii kwenye vitu vya asili, inaingiza na vilivyojengwa na binadamu. Kwa hiyo chumba chako cha kupanga Manzese ni mazingira kama ulivyo Msitu wa Pugu. Wakenya nao kwenye sheria yao ya 1999 waliweka sauti na harufu. Sisi mwaka 2015 tukatunga na kanuni za kelele na mitetemo. Shida ni kwamba tumezoeshwa tangu shule: tarehe 5 Juni tunapanda miche, tunafagia soko, mgeni rasmi anapigwa picha, mazingira yameisha hadi mwakani.

Kuna wanaosema "funga dirisha, ulale". Hao hawajapanga nyuma ya sabufa. Sauti nyembamba ukuta unaipunguza, lakini bezi inapita kwenye tofali kama haioni kitu. Kwangu ikianza kugonga, hata wimbo siujui ni upi. Ninachosikia ni nondo za dirisha zikilia na vikombe vikigongana kabatini, hadi saa kumi alfajiri, na kuna mtoto wa darasa la saba humo ndani. Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, mwaka 2009 lilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Watu wawili wakizungumza kawaida tu wanafika kama 60. Na desibeli hazijumlishwi kama shilingi: zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, na sikio linahisi kama imezidi maradufu.

Sasa pale ninapotofautiana na wanaoshangilia makufuli. Leseni ya biashara na kibali cha vileo vinatoka halmashauri. Bwana afya anakuja, anaangalia choo, anaangalia jiko, anaondoka. Sijawahi kusikia aliyeulizwa spika zitatazama upande gani, wakati anaona kabisa ukumbi ni paa la makuti lisilo na ukuta. Mtu anakopa, ananunua mitambo, anaajiri wahudumu, halafu baadaye ndipo anakuja mtu na kipimo mkononi. Lazima aone anaonewa. Na sheria hiyohiyo ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira. Huyo ndiye aliye karibu. Jumamosi saa saba usiku anapatikana kwa namba gani?

Karibuni, ila tusitukanane.

MWENYE KAUNTA: Mkuu umeandika vizuri, lakini mimi nilifungua eneo likiwa mashamba ya mihogo. Ghorofa zimenikuta. Wapangaji wamehamia wakiniona nipo, muziki wanausikia, wakalipa kodi ya miezi sita. Leo mimi ndiye mchafuzi? Nani alimfuata mwenzake?

MLETA MADA: Hoja nzito hiyo, na ndiyo maana nasema ni kazi ya mipango miji kabla haijawa kazi ya NEMC. Lakini kutangulia hakukupi haki ya usiku wa watu wote milele. Leseni unaihuisha, na masharti yanaweza kubadilika mtaa unapobadilika. Jenga ukuta, shusha bezi, geuza spika zitazame barabarani.

MWENYE KAUNTA: Barabarani nako kuna watu, bosi.

KIJANA WA TANDALE: Mnazunguka mbuyu. Baa ya kwetu inafunga saa sita, mkesha wa kanisa la mabati ndio unaanza. Wiki inayofuata kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha, singeli mpaka kuku wanachanganyikiwa. Mbona hao hawaguswi?

MSOMAJI WA KIMYAKIMYA: Na adhana mtasema ni kelele? Ni dakika chache tu.

KIJANA WA TANDALE: Adhana sijaitaja, ndugu yangu. Ila mawaidha ya muda wa saa mbili kwenye spika ya nje, je?

MLETA MADA: Kipimo hakina dini. Mtetemo ukishafika kwenye kitanda cha mgonjwa, mgonjwa haulizi umetumwa na DJ au na mchungaji. Kuanza na baa peke yake kwa sababu hazina waumini wa kuzitetea, huo ni woga wetu sisi.

MAMA MJUMBE: Wanangu, mimi ni mjumbe wa nyumba kumi. Nikienda kuwaambia wapunguze, wananiuliza, "Mama, una kipimo?" Sina. Nawapigia polisi, naambiwa nikasuluhishe majirani. Mnataka halmashauri, sawa, lakini mimi usiku huo nifanye nini?

MLETA MADA: Shikamoo mama. Programu ya simu itakupa picha tu, haina uzito wa kipimo kilichohakikiwa. Andika tarehe na saa kila wanapopiga, majirani kadhaa watie saini, ipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri, kisha iende kwa afisa mazingira, nakala ofisi ya NEMC ya kanda. Kama kuna aliyeshapita njia hii hadi mwisho, atuambie walimjibu nini na ilichukua muda gani.