Safari ya kwanza ya familia nzima kuvuka bahari: nihamishe pointi sasa?

Kutoka: Mama Watatu

Ndugu zangu, hamjambo?

Nina jambo linaloninyima usingizi, naomba mnisaidie mawazo. Mimi na baba watoto tumeamua kwamba likizo ndefu ya mwakani tunavuka bahari wote watano, ndege mbili kwenda na mbili kurudi. Watoto hawajawahi kupanda ndege. Mkubwa ana miaka 9, wa kati 6, na mdogo atatimiza miaka 2 tukiwa huko huko, wiki ya pili ya safari.

Kwenye kadi yangu ya benki nina pointi 140,000 zinazoweza kuhamishiwa mashirika kadhaa ya ndege. Baba watoto ana maili 60,000, yaani pointi za shirika la ndege, alizokusanya kwa safari za kikazi. Usiku wa tatu huu nakesha nikitafuta viti vitano vya kulipia kwa pointi, na kila tarehe ninayojaribu jibu ni lile lile: hakuna nafasi. Nimeanza kufikiri labda mtandao wao hauoni pointi za kutosha kwenye akaunti, ndiyo maana hauonyeshi viti. Je, nihamishe zote sehemu moja kwanza, ndipo vitokee?


Kutoka: Baba Mapacha

Dada, tafadhali usihamishe hata pointi moja kwa sasa. Nimeacha kazi iliyokuwa mkononi nikuandikie kabla hujabonyeza, maana kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe na najua linavyouma.

Mwaka ule tulipokuwa tunapanga safari yetu ya kwanza na mapacha, niliona viti vinne vizuri, tarehe tuliyoitaka, nikahamisha pointi 80,000 kutoka benki. Zilichukua siku mbili kufika. Zilipofika, viti vilikuwa vimebaki viwili. Niliomba pointi zirudi benki, nikajibiwa kwamba zikishatoka hazirudi. Zile pointi zilikaa kwenye akaunti ya shirika moja tu, ambalo ndege zake hazikutufaa, na mke wangu alizikusanya kwa kubana matumizi ya miaka mitatu. Kwa hiyo: viti kwanza, pointi mwisho. Pointi zikiwa benki zina milango mingi. Ukishazihamisha umebaki na mlango mmoja.

Sasa kuhusu viti vyako kutoonekana. Havifichwi kwa sababu ya salio. Kila ndege hutengewa viti vichache vya pointi, pengine viwili, pengine vinne, na siku nyingine hakuna kabisa. Ukiomba vitano na vilivyopo ni vinne, mtandao hausemi vipo vinne, unasema hakuna. Leo usiku jaribu hivi: weka msafiri mmoja tu. Kiti kikitokea, weka wawili, kisha watatu, mpaka pale panapokatika. Hapo utajua idadi halisi ya kila ndege. Andika kwenye daftari, tarehe moja mstari mmoja, kwenda na kurudi kando kando. Mimi nilijaza kurasa nne, na daftari lile ndilo lililotuokoa, si pointi.

Hata kwenye mashirika ambayo bei ya pointi hupanda na kushuka kila siku, mbinu hii inasaidia. Ukitafuta watano kwa mpigo, mara nyingi wote mnatozwa bei ya kile kiti cha tano, ambacho ndicho ghali. Ukiwagawa, wawili au watatu wanaweza kupata bei ya chini.

Halafu hesabu yako ya viti siyo tano. Kwenda, mdogo atakuwa bado hajafika miaka 2, anaruhusiwa kupakatwa, kwa hiyo unahitaji vinne. Kurudi atakuwa ameshavuka, lazima awe na kiti chake, kwa hiyo vitano. Hili mtandao mara nyingi unashindwa kulishughulikia vizuri, utalimaliza kwa simu. Na mtoto wa kupakatwa hasafiri bure kwenye safari za nje: ana tiketi yake. Kwa tiketi za fedha ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na kodi. Kwa tiketi za pointi kila shirika lina lake: British Airways huchukua asilimia 10 ya pointi za mzazi, wengine huchukua asilimia 10 ya nauli kamili ya fedha, ambayo yaweza kukushtua. Uliza kabla.

Usitafute pia kwenye shirika moja tu. Tangu iundwe miungano ya mashirika ya ndege, Star Alliance mwaka 1997, kisha oneworld 1999 na SkyTeam 2000, pointi za shirika moja hununua kiti kwenye ndege ya mwenzake wa muungano ule ule. Ethiopian yuko Star Alliance, Kenya Airways SkyTeam, Qatar oneworld. Kwa hiyo swali siyo "shirika gani linaruka tunakokwenda", bali "kiti hicho naweza kukinunua kupitia programu za pointi za mashirika yapi". Kiti kile kile, ndege ile ile, programu moja itakuomba pointi 30,000 na kodi ndogo, nyingine pointi 25,000 na tozo la shirika linalokaribia nusu ya nauli. Kabla ya kufurahia idadi ya pointi, fika mpaka ukurasa wa malipo uone fedha wanazodai.

Na hapo fanya hesabu hii fupi. Chukua nauli ya fedha, toa kodi na tozo utakazolipa ukitumia pointi, kinachobaki ndicho pointi zilichokuokolea. Tuseme nauli ni 900, tiketi ya pointi inadai 40,000 pamoja na kodi 300. Umeokoa 600, yaani kila pointi 1,000 zimelipa 15. Fanya hivyo kwa kila chaguo, kwa sarafu yoyote unayotumia, uone wapi pointi zako zina nguvu.

Kwa pointi 200,000 sitarajii mwende na kurudi wote. Ningewawekea wakubwa pointi, na watoto ningewalipia fedha, kwa sababu nauli ya mtoto chini ya miaka 12 mara nyingi hupunguzwa, ilhali programu nyingi humtoza mtoto pointi sawa na mtu mzima. Flying Blue, programu ya pointi ya Air France na KLM, ni tofauti, wao humpunguzia mtoto wa miaka 2 hadi 11 robo ya pointi.


Kutoka: Shangazi

Wanangu, nimesoma. Baba Mapacha amesema kweli karibu kote, ila hapo mwisho nakataa.

Msiwaweke wakubwa kwenye tiketi moja na watoto kwenye nyingine. Najua hesabu inasema ni nafuu. Lakini kila tiketi ina namba yake ya bukingi, na kompyuta ya shirika haijui kwamba namba hii ni mama na ile ni wanawe. Ndege ikifutwa saa nne usiku, kompyuta inapanga watu kwa namba zao: wewe unapangiwa asubuhi, watoto jioni. Nimeyaona kwa macho yangu kwenye foleni ya uwanja wa ndege, baba mmoja ameshika karatasi mbili, mtoto amelala begani, anamweleza mhudumu kwa mara ya tatu kwamba wale ni wa kwake. Na mashirika mengi hayatakubali hata kumkatia mtoto tiketi peke yake mtandaoni bila mtu mzima.

Gawaneni hivi: kila namba ya bukingi iwe na mtu mzima na mtoto. Baba na wa kati upande mmoja, mama na mkubwa na mdogo upande wa pili. Mdogo awe upande wa fedha, ili msiingie kwenye yale mambo ya asilimia 10 ya tiketi za pointi. Kisha pigeni simu shirikani waandike kwenye kila bukingi kwamba mnasafiri pamoja na hii. Hazitaunganika kuwa moja, lakini mhudumu akifungua ataona.

Ndege mbili za safari moja ziwe kwenye tiketi moja pia. Mkinunua ya kwanza kwa pointi na ya pili kwa fedha kivyake, ya kwanza ikichelewa, shirika la ndege ya pili halina wajibu wa kuwasubiri wala kuwapa kiti kingine. Na ikiwa mnaondokea uwanja wa Umoja wa Ulaya, mjue kuwa kanuni yao namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda hata mwenye tiketi ya pointi ndege ikifutwa au ikichelewa sana. Msikubali kuambiwa eti mmesafiri kwa zawadi.

Kabla ya kulipa, angalieni mnabadilishia ndege wapi. Kiti cha pointi cha bei nzuri kinaweza kupitia nchi inayowadai viza ya kupita tu. Marekani, kwa mfano, haina eneo la kusubiri bila kupita uhamiaji. Hata anayekaa saa mbili akibadilisha ndege anahitaji viza au kibali. Pasipoti za watu watano zinaweza kuwa za nchi mbili tofauti ndani ya nyumba moja, kwa hiyo mwangalieni kila mmoja na pasipoti yake.


Kutoka: Mama Watatu

Shikamoo Shangazi. Kaka, asante sana, Mungu akubariki.

Nimefanya mlivyosema. Msafiri mmoja: viti vikajaa skrini nzima! Wawili: bado vipo. Watatu: tarehe mbili tu. Wanne: hakuna kitu. Usiku tatu nilikuwa nalia na namba moja tu niliyoijaza vibaya.

Nimepata viwili kwenda na viwili kurudi, jumla pointi 120,000, na ndege hizo hizo zina nafasi za fedha kwa sisi wengine. Tatizo jipya: programu hiyo ndiyo yenye maili 60,000 za baba watoto, nami nikahitaji kumwongezea 60,000 zangu. Benki imekataa, inasema naweza kuhamishia akaunti yenye jina langu tu. Nifanyeje?

Na jingine. Jana usiku tulipanga pasipoti zote tano mezani, mimi nikisoma herufi moja moja, baba watoto akifuata kwenye skrini. Akaunti yake ya maili ina majina mawili, pasipoti ina matatu. Pasipoti ya mkubwa inaisha miezi minne baada ya kurudi kwetu. Je, ni shida?


Kutoka: Shangazi

Marahaba mwanangu.

Pasipoti ya mkubwa ibadilisheni sasa, msingoje. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele, na mhudumu wa kaunta ndiye atakayewazuia kabla hata hamjaiona ndege. Mkipata mpya kabla ya kukata tiketi, vizuri zaidi, mtaandika namba mpya moja kwa moja. Pasipoti za watoto huwa na umri mfupi kuliko zetu, watu wengi hawaliangalii hilo.

Na kama kuna siku mmoja wenu atatangulia na mtoto bila mwenzake, beba barua ya ridhaa ya mzazi mwingine na nakala ya cheti cha kuzaliwa.


Kutoka: Baba Mapacha

Dada, hongera. Jina: akaunti irekebishwe ifanane na pasipoti kabla ya kutoa tiketi, kwa simu, wataomba picha ya pasipoti. Baada ya tiketi kutoka, kusahihisha jina ni kazi ngumu zaidi.

Pointi: tafuta kwenye programu hiyo kama kuna akaunti ya familia. Nyingi zinayo. Wewe fungua akaunti yako kwa jina lako, baba watoto akuingize kwenye familia yake, benki ikuhamishie wewe, kisha mnachangia kapu moja. Ila soma kwanza masharti, kwani baadhi huweka siku za kusubiri kwa mwanachama mpya. Kama hamna, usihangaike: mwenye pointi kwa kawaida anaweza kumkatia tiketi mtu mwingine. Yeye akate za kwenda za watu wawili kwa maili zake, wewe za kurudi kwa pointi zako, mradi kila namba ya bukingi ibaki na mtu mzima. Angalia tu kwamba programu chache zina orodha ya wanaoruhusiwa. Singapore Airlines, kwa mfano, inakudai uandikishe watu hao, mwisho watano.

Kabla ya kuhamisha, piga simu uwaombe wakushikie viti hata siku moja. Si wote wanaokubali, lakini kuuliza ni bure. Siku hiyo hiyo weka bukingi ya fedha ya wengine. Mashirika mengi yanakuruhusu kuifuta ndani ya saa 24, hakikisha tu kabla ya kulipa.


Kutoka: Mama Watatu

Wapendwa, tiketi zimetoka. Akaunti ya familia ilikuwepo, bila siku za kusubiri. Walinishikia viti mpaka saa sita mchana kesho yake, nikahamisha 60,000 saa mbili asubuhi, saa tatu kasoro zikawa zimeingia. Pointi 80,000 zimebaki benki, sijazigusa. Mdogo amewekewa kupakatwa kwenda na kiti chake kurudi. Ilibidi mhudumu aandike kwa mkono wake, mtandao ulikataa kabisa.

Nimemwomba pia kile kitanda cha ukutani cha mtoto kwa safari ya kwenda. Akaniuliza ana kilo ngapi. Anayo 11, na kikomo chao ni 11. Amekiandika, akasema tupime tena mwezi mmoja kabla, na kama amezidi nipige simu wanibadilishie, viti vya mbele penye kitanda hicho wapewe wengine.

Wa kati ameweka pasipoti yake chini ya mto.