Altmark, 1940: Waingereza walikuwa na haki kuingia maji ya Norwe?

Msomi_Roysambu
Shikamooni wazee. Naomba msaada, maana mimi na mwenzangu hatuelewani. Usiku wa tarehe 16 Februari 1940 manowari ya Uingereza, Cossack, iliingia Jøssingfjord, ghuba nyembamba ya Norwe, na kuwatoa mateka 299 kwenye meli ya Kijerumani, Altmark. Norwe haikuwa vitani. Mwenzangu anasema huo ni uvamizi. Ni kweli?

Mzee_Kilindini
Marahaba mwanangu. Sasa naishi Buruburu, ila ujana wangu uliishia Kilindini nikipakua shehena, kwa hiyo tumbo la meli nalijua.

Altmark iliihudumia manowari ya Kijerumani Graf Spee, ile iliyofika hadi huku kwetu ikazamisha Africa Shell pwani ya Msumbiji, Novemba 1939. Mabaharia wa meli ilizozamisha Graf Spee ndio waliofungiwa humo, Wahindi wakiwemo. Wanorwe walipanda kukagua, wakashuka bila kufungua huko chini. Mateka waligonga kuta wasikike. Wajerumani wakawasha winchi. Winchi ikinguruma, hata aliyesimama ubavuni mwako humsikii!

Mkataba wa Hague wa 1907 unaruhusu meli ya vita kupita tu katika maji ya nchi isiyopigana. Altmark ilijibanza pwani ya Norwe masafa marefu, imebeba wafungwa. Nahodha Vian wa Cossack alitaka isindikizwe na Waingereza na Wanorwe pamoja hadi bandari ya Bergen ikakaguliwe. Wanorwe wakakataa. Ndipo akaingia, kwa amri ya Churchill, wakati huo waziri wa jeshi la majini la Uingereza.

Wakili_Ngara
Mzee, kwa heshima zote, kosa la Wajerumani halimpi Mwingereza ruhusa. Wajerumani saba waliuawa ndani ya maji ya watu. Norwe ililalamika rasmi, na Hitler akazidi kuharakisha mpango wake: tarehe 9 Aprili nchi ikavamiwa. Taifa dogo likakanyagwa na wote wawili.

Mzee_Kilindini
Wakili, Norwe nayo naihurumia, na hilo la Aprili silipingi. Lakini mwaka fulani kijana wa zamu yetu alifungiwa chini kimakosa. Tulikuwa tumeshaanza kwenda kula. Aliyemsikia ni mpishi mmoja: spana ikigonga chuma, tatu, kimya, tatu. Tulipofunua alikuwa amelowa jasho chapachapa, viganja vinavuja damu, na spana hakukubali kuiachia mpaka tulipomfikisha gatini. Hapo ilikuwa saa moja unusu tu. Wale wa Altmark, wengine walikaa miezi. Afisa aliyepanda kukagua angedai afunguliwe mlango mmoja, Vian angeingia kufanya nini?

Msomi_Roysambu
Asante mzee. Nawe wakili. Namtumia mwenzangu yote mawili usiku huu.