Alizeti nyekundu zimerudi njano, nimekosea wapi?

MamaTunu_Dom: Habari wadau, poleni na majukumu. Mwaka jana nilipata pakiti mbili za mbegu za alizeti za maua, moja Velvet Queen nyingine Moulin Rouge, nikapanda kando ya ukuta hapa kwangu Dodoma. Aisee zilitoka rangi ya damu ya mzee, wapita njia wanasimama kupiga picha. Nikaanika vichwa, nikapukuchua, nikatunza punje kwenye chupa tupu ya maji. Msimu huu nimepanda zileile na mashina 14 yametoa maua, njano tupu 8, manne yana wekundu kidogo tu karibu na kitovu, nyekundu za kweli mbili!! Udongo uleule, samadi ileile. Au nimeziweka vibaya?

kobe_mzee: Jirani yako analima nini

MamaTunu_Dom: Alizeti ya kukamua mafuta, karibu ekari nzima, ukuta tu ndo unatutenganisha 😅

kobe_mzee: Basi kesi imeisha, nyuki hawajui ukuta

Shamba_Dogo: Kobe kamaliza ila niongezee dada. Moulin Rouge ni chotara halafu haina chavua kabisa, wanaitengeneza hivyo ili isichafue kitambaa cha meza ikikaa kwenye chombo cha maua. Kwa hiyo punje yoyote uliyovuna pale baba yake ni ua jingine, na kwa ekari nzima ya jirani unajua ni nani. Velvet Queen ndo mbegu ya kutunza, lakini usiiache wazi. Kichwa kikikaribia kufunguka kivalishe kipande cha neti ya mbu, funga shingoni kwa kamba laini. Yakichanua fungua asubuhi, chukua vichwa viwili vya mashina tofauti uvisuguanishe taratibu uso kwa uso, valisha tena, rudia siku kadhaa. Lazima viwe viwili maana alizeti nyingi hazikubali chavua yake yenyewe. Hata nyekundu ya kwanza ilisumbua hivyohivyo, mama mmoja Wilmatte Cockerell aliiona kando ya barabara kule Boulder, Colorado, mwaka 1910, shina moja tu, ikabidi yeye na mumewe waichanganye na za njano ndo wakapata watoto wekundu. Kwa hiyo hizo mbili zako usizing'oe, anza nazo.

binti_wa_Tanga: Mi naomba kuuliza palepale, zangu pakiti ilisema mita moja na nusu zikaishia kiunoni zikatoa ua, mbolea nimeweka mpaka basi

Shamba_Dogo: Kuna aina zinazosoma urefu wa mchana, za huko kwenye mchana mrefu wa kiangazi. Huku kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, zinaharakisha kuchanua kabla hazijarefuka, mbolea haisaidii. Tafuta zisizojali mchana, ProCut ni mojawapo. Na kama ulizianzisha kwenye vikopo ukahamisha, acha, mzizi wake mkuu haupendi kuguswa. Panda palepale, kina cha sentimita 2 au 3.

binti_wa_Tanga: Duh, vikopo ndo nilitumia 🙈

MamaTunu_Dom: Asante sana mkuu. Neti iliyochanika ninayo stoo, kesho alfajiri naivalisha. Jirani najua ataniuliza kama alizeti nazo zinaugua malaria