Mjadala: Je, sheria ziendelee kulazimisha etanoli ichanganywe kwenye petroli?

Mtoa mada

Ndugu wasomaji, naleta hoja hii nikiomba tuijadili kwa utulivu, kwa maana mara nyingi huishia kwenye ushabiki wa wakulima dhidi ya wachimba mafuta.

Etanoli, yaani pombe inayotengenezwa kwa kuchachusha miwa, mahindi na mimea mingine, ina wanunuzi wa aina mbili wasiolingana nguvu. Wa kwanza ni matangi ya magari, yanayomeza sehemu kubwa mno ya etanoli yote inayotengenezwa duniani. Wa pili ni viwanda vya dawa, manukato, rangi, wino wa kuchapia, siki, vitakasa mikono na kemikali kama etili asetati, ambavyo hugawana kiasi kinachobaki. Mnunuzi wa kwanza hakupata nguvu zake sokoni peke yake, bali ametungiwa sheria. Brazili ilianzisha mpango wa Proálcool, wa kutumia etanoli ya miwa kwenye magari, mwaka 1975 baada ya bei ya mafuta kupaa. Marekani iliweka kiwango cha lazima cha etanoli mwaka 2005 na kukipanua mwaka 2007. India nayo imefikia mchanganyiko wa asilimia 20 mwaka 2025, miaka mitano kabla ya lengo lake la awali. Marekani na Brazili pekee hutoa takriban asilimia 80 ya etanoli ya mafuta duniani, kwa hiyo uamuzi unaofanywa katika nchi hizo mbili huonekana kwenye bei ya kila mtu.

Msimamo wangu ni kwamba kiwango cha lazima kisichoshuka mavuno yanaposhuka ni sheria mbaya, hata machoni pa mtu anayependa nishati itokanayo na mimea. Hitaji lililowekwa kisheria halipungui bei inapopanda, na hivyo mzigo wote wa upungufu humwangukia yule asiye na sheria ya kumkinga: mlaji wa nafaka, mfugaji na mwenye kiwanda. Tuangalie miaka miwili iliyofuatana. Oktoba 2011, Brazili ilipopungukiwa na etanoli, serikali yake ilishusha kiwango cha mchanganyiko kutoka asilimia 25 hadi 20. Mwaka 2012 ukame mkali uliikumba Marekani, bei ya mahindi ikavuka dola 8 kwa busheli (kipimo cha nafaka cha huko), na magavana wa majimbo kadhaa wakaomba kiwango kilegezwe. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo likakataa mwezi Novemba. Nauliza: kwa nini ya Brazili isiwe kanuni badala ya kuwa hisani ya waziri?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, umeutaja uamuzi wa Novemba 2012 bila kutaja sababu yake, na sababu ndiyo yenye uzito. Uchambuzi wa shirika hilo ulionyesha kwamba kulegeza kiwango kungeshusha bei ya mahindi kwa chini ya asilimia 1, kwa kuwa wasafishaji wa mafuta wangeendelea kununua etanoli hata bila kulazimishwa. Etanoli si mafuta tu, bali pia ni kiongezi cha oktani, yaani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati ndani ya injini. Zamani kazi hiyo ilifanywa na madini ya risasi, kisha na kemikali iitwayo MTBE, ambayo ilichafua maji ya ardhini kiasi kwamba California iliipiga marufuku kuanzia mwaka 2004. Msafishaji aliyekwisha kupanga mitambo yake atengeneze petroli ya oktani ya chini, akijua kwamba etanoli itakuja kuiinua, hawezi kubadili mitambo hiyo kwa sababu ya barua ya magavana.

Pili, mfano wa Brazili haupandikiziki kirahisi. Kiwanda cha miwa kina milango miwili: sukari ikilipa zaidi hukausha sukari, etanoli ikilipa zaidi huchachusha. Dereva naye, tangu magari yanayopokea mchanganyiko wowote yalipoanza kuuzwa huko mwaka 2003, huamua kwenye pampu yenyewe, akijua kwamba lita ya etanoli ina takriban theluthi mbili tu ya nishati iliyo katika lita ya petroli. Kiwanda cha mahindi hakina mlango wa pili. Mwekezaji anayekopa ili akijenge atalipa riba ya juu zaidi akiambiwa kwamba kiwango cha sheria kinaweza kushuka katikati ya msimu, na riba hiyo itaingia katika bei ya kila lita, ikiwemo ile ya viwanda vya dawa unavyovitetea. Kumbuka pia kwamba takriban theluthi moja ya uzito wa mahindi yanayoingia kiwandani hurudi kama machicha yenye protini na kulishwa mifugo. Wasemao kwamba nafaka yote inachomwa barabarani hawajapata kuangalia kinachotoka upande wa pili wa kiwanda.

Mchangiaji wa pili

Mimi nimeajiriwa katika maabara ya kiwanda kinachotumia etanoli kama kiyeyushi, na naona nyote mnazungumza kana kwamba etanoli zote ni moja. Etanoli ya mafuta inatakiwa kuwa kavu. Kukeneka kwa kawaida, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake, hugota kwenye takriban asilimia 96 kwa ujazo, na maji yanayobaki huondolewa kwa chekeche za molekuli, yaani chembe zenye vitundu vidogo mno vinavyonasa maji. Ikitoka hapo hutiwa petroli kidogo ili isinywewe wala kukwepa ushuru wa pombe, na kuanzia dakika hiyo haifai tena kwa dawa wala kwa manukato. Mtengenezaji wa dawa, kwa upande wake, hasumbuliwi na maji. Kitakasa mikono kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani huanza na etanoli ya asilimia 96 na kuishia na asilimia 80, kwa sababu maji husaidia kuharibu protini za vijidudu. Kinachomsumbua ni uchafu wenye sumu kama asetaldehaidi, methanoli na benzini.

Ndiyo maana mwaka 2020, matangi ya viwanda vya mafuta yalipojaa kwa kukosa magari barabarani huku hospitali zikilia vitakasa, bidhaa ile haikuweza kuhamishwa moja kwa moja. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilibidi itoe miongozo ya muda na kuirekebisha zaidi ya mara moja, hasa kuhusu kiasi cha asetaldehaidi. Kwa hiyo hata mkishusha kiwango cha lazima kesho, lita zitakazoachiliwa hazitafika kiwandani kwetu mpaka mtu ajenge minara ya ziada ya kuzisafisha. Mahali tunaposhindana na magari ni kwenye molasi (uji mzito unaobaki sukari ikitengenezwa) na nafaka, kabla ya kuchachushwa.

Mchangiaji wa tatu

Na hewa ukaa je? Wapo watafiti waliokokotoa kwamba etanoli ya mahindi hutoa hewa ukaa pungufu kuliko petroli kwa asilimia zaidi ya 40, na wapo waliochapisha mwaka 2022 hesabu inayoonyesha kwamba haipunguzi hata kidogo, pengine ni mbaya zaidi, ukihesabu ardhi mpya iliyolimwa. Sheria isimame juu ya hesabu ipi?

Mtoa mada

Swali la mwisho ni zito na linastahili mada yake. Hapa naliacha, kwa sababu hoja yangu inasimama kwa yeyote kati ya watafiti hao.

Nimemwelewa ndugu wa maabara, na naona ameipa hoja yangu nguvu badala ya kuipunguza. Kama ushindani uko kwenye malighafi, basi India ni kielelezo kizuri. Desemba 2023, ikihofia upungufu wa sukari, ilizuia maji ya miwa yasitumike kutengeneza etanoli, lakini lengo la mchanganyiko likabaki palepale; pengo likajazwa kwa nafaka, na mwaka uliofuata nchi iliyozoea kuuza mahindi nje ikawa inayanunua zaidi ya inavyoyauza. Hali kadhalika, India hairuhusu etanoli ya nje iingie kwenye petroli, ila huiruhusu kwa matumizi mengine. Matokeo yake ni kwamba viwanda vyake vya kemikali huagiza kutoka Marekani, huku etanoli ya nyumbani ikielekezwa kwenye magari.

Kwa mchangiaji wa kwanza nina jibu fupi. Ikiwa wasafishaji watanunua etanoli kwa ajili ya oktani bila kulazimishwa, basi kulegeza kiwango hakumwumizi mwekezaji wako. Ikiwa kunamwumiza, basi si kweli kwamba bei isingeshuka. Chagua moja. Tena sheria ya mchanganyiko haimpi mwekezaji uhakika anaoufikiria: Uingereza ina petroli yenye etanoli hadi asilimia 10 tangu mwaka 2021, lakini ilipoondoa ushuru wa asilimia 19 kwa lita bilioni 1.4 za etanoli ya Marekani mwaka 2025, kiwanda cha etanoli cha Vivergo karibu na mji wa Hull kilifungwa mwezi Agosti mwaka huohuo.

Mchangiaji wa kwanza

Sikubali kwamba nimejipinga. Athari ya mwaka mmoja, mitambo ikiwa imekwisha kupangwa, si sawa na athari ya miaka 15 ambayo mkopo unalipwa. Ila nakubali kwamba waziri asiachiwe hiari. Sheria ya Brazili ya mwaka 2024 imeweka sakafu ya mchanganyiko ya asilimia 22 na dari ya 35. Mwekezaji anaweza kukopa akitegemea sakafu. Ongeza ndani yake kipimo cha akiba ya nafaka kitakachoshusha kiwango chenyewe bila mtu kuombwa, kiandikwe kabla ya ukame na kisiguswe katikati ya msimu, nami nitaondoa pingamizi langu. Kilichobaki ni kukubaliana akiba hiyo ipimwe na nani, kwa sababu mpimaji akiwa wizara ya kilimo, wenye viwanda hawatamwamini, na akiwa wizara ya nishati, wakulima hawatamwamini.