Vidonge vya manyoya ufukweni Port-Cros ni nini?

Kibuyu cha Chumvi: Wadau, nipo Port-Cros, kusini mwa Ufaransa. Ufukweni nimeokota vidonge vya kahawia, vyepesi, vina nyuzinyuzi kama kumbi la nazi. Nilidhani ni kinyesi cha mnyama (msinicheke), nikakipasua kimoja: nyuzi tupu mpaka ndani. Pia kuna rundo la majani makavu linafika magotini. Mbona hawafagii, na hii ni hifadhi ya taifa tangu 1963?

Mama Ngalawa: Hicho si kinyesi, mwanangu. Ni nyuzi za posidonia, aina ya nyasi zinazoota chini ya bahari; mawimbi yameziviringisha mpaka zikawa mpira. Na posidonia si mwani: ina mizizi, inatoa maua na matunda. Hilo rundo ni la majani yake, liache lilivyo, ndilo linalozuia mawimbi yasile mchanga.

Pezi Moja: Naongezea. Shina lake hutambaa kama sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo nanga moja iking'oa kipande, pengo hilo utaliacha na wajukuu watalikuta. Umezamia? Tazama chewa. Huanza maisha akiwa jike, akikua sana hugeuka dume. Tangu 1993 pwani hiyo hapigwi mkuki, ndiyo maana hakukimbii.

Kibuyu cha Chumvi: Kumbe! Jana mmoja, mnene kama gunia, alinikodolea macho mpaka mimi ndiye nikarudi nyuma. Vidonge nimevirudisha nilipovitoa.