Baiskeli ya maunten ya 26: naweza kuitia magurudumu ya 700? Niko Malindi

Mpanda Upepo
Asalaam aleikum wadau. Nina maunten ya mtumba, rimu za 26, foku ya springi mbele, breki za V mbele na nyuma. Tairi ni zile za meno makubwa, 26 x 2.10, na kwenye lami zinavuma mpaka boda wanageuka kutazama. Naishi Maweni, kazi iko Watamu, kwa hivyo kila siku ni lami hadi Gede halafu nakata kushoto. Saa hizi kusi imeshika, asubuhi nzima upepo uko usoni. Nataka wepesi.

Kuna fundi ana jozi ya magurudumu ya 700 yaliyotoka kwenye baiskeli ya resi, yana tairi za 700 x 28. Ameniambia yanaingia bila wasiwasi. Bei yake si ya mchezo, ndiyo maana nauliza kabla sijatoa mkono mfukoni. Yataingia kweli? Na nipime wapi?

Mtoto wa Shela
Tia tu kaka, tairi nyembamba haiwezi kukosa nafasi palipokaa tairi nene. Hiyo si hesabu ya chuo kikuu.

Fundi Kisumu Ndogo
Mtoto wa Shela, ungekuwa dukani kwangu ningekupa soda ukae kando kidogo 😀

Mpanda Upepo, achana na haya majina ya 26 na 700. Inama utazame ubavuni mwa tairi yako, utaona namba nyingine ndogo zimeandikwa kama 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokalia rimu, na hiyo ndiyo isiyodanganya. Maunten ya 26 ni 559. Ile 700 ni 622.

Sasa piga hesabu ya gurudumu zima. Lako: 559, jumlisha 54 mara mbili, unapata 667. La resi: 622, jumlisha 28 mara mbili, 678. Tofauti ni 11, na ukigawa juu na chini, gurudumu la resi litapanda milimita tano na nusu tu. Kwa hivyo huyo fundi hakukudanganya, kwenye fremu huenda likaingia.

Lakini breki je? Pedi za V zinabana rimu, hazibani tairi. Rimu ya 622 iko juu ya ile ya 559 kwa milimita 31 na nusu. Ule mwanya wa kupandishia pedi kwenye mkono wa breki unakupa kama sentimita moja hivi. Hazitafika. Ukilazimisha, zitasugua spoki, na ukishuka daraja la Sabaki na breki kama hizo, sisi tutakuja kukutazama hospitalini.

Mpanda Upepo
Duh. Breki hata sikuzifikiria. Nikitia breki za diski?

Fundi Kisumu Ndogo
Diski haijali rimu ni kubwa au ndogo, ni kweli. Lakini tazama kwanza kama foku na fremu zina masikio ya kufungia kalipa, kile kifaa kinachobana sahani ya diski, na kama habu, yaani vitovu, za hayo magurudumu zina mahali pa kufunga sahani. Magurudumu ya resi ya zamani hayana. Halafu pima habu ya nyuma: maunten nyingi za aina yako ni milimita 135 kati ya masikio ya fremu yanayoshika ekseli, resi ya zamani ni 130. Kupanua au kubana fremu kwa nguvu mimi sifanyi, hasa ikiwa ya alumini.

Binti Mambrui
Shoga zangu wa mitumba wananiambia siku hizi kuna rimu za 27.5. Hizo ni 584, zimezidi za kwako kwa 25, yaani pedi zipande 12 na nusu. Kuna breki zinazofika na kuna zisizofika, pima mwanya wako kwa rula. Uzuri wake ni kwamba 40-584 inakupa kipenyo cha 664, karibu sawasawa na ulichonacho sasa.

Na jamani, msimkubalie muuzaji akitaja "ishirini na nane" peke yake! Ile 28 x 1½ ya baiskeli ya Black Mamba ni 635. Rimu ya 700 ni 622, na wengine nayo wanaiita 28. Ukivisha ya Mamba kwenye rimu ya 700 inacheza. Hata 26 si moja: ile ya 26 x 1⅜ ni 590, haikai kwenye rimu ya maunten hata umwite nani.

Mzee wa Gongoni
Vijana mmeongea vizuri, ila mwenzenu aliuliza apime wapi na hamjamjibu.

Chukua aleni kii namba 6, ile spana ya pembe sita iliyopinda. Unene wake ni milimita 6, na hiyo ndiyo nafasi ndogo kabisa unayoitaka kila upande. Ipitishe sehemu hizi: nyuma ya pedali, pale vyuma viwili vya chini vinapokaribiana, chini ya kile kichuma kinachounganisha vyuma vya juu, na mbele, chini ya upinde wa foku. Zungusha gurudumu polepole ukiwa umeishika hapo hapo, maana rimu ikiwa imepinda upande mmoja utaona. Usipime tairi ikiwa na upepo nusu, jaza kwanza.

Foku ya springi ina lake. Mtu mzito auegemee usukani mpaka foku ishuke hadi mwisho, kisha utazame juu ya tairi. Kama inagusa chuma cha juu, hata ingekuwa na nafasi ya kidole ulipokuwa umesimama, haifai. Shimo moja tu na gurudumu linasimama, wewe unaendelea na safari.

Ukitia keria na madigadi, pima upya. Na kwa njia za mchanga za huku kwetu usibane sana. Mchanga ukishikana na grisi unakula fremu.

Mpanda Upepo
Shukrani mzee wangu. Nimepima na tairi hizi hizi za 2.10. Mbele sawa. Nyuma ya pedali, upande wa kulia aleni kii namba 6 inapita, wa kushoto inapita namba 4 tu.

Fundi Kisumu Ndogo
Toa gurudumu uligeuze, cheni uiache kando, ulirudishe. Upungufu ukihamia kulia, rimu haiko katikati, spoki zikazwe upya. Ukibaki kushoto, fremu ndiyo imepinda.

Mpanda Upepo
Umehamia kulia.

Fundi Kisumu Ndogo
Alhamdulillahi, hiyo ni kazi ndogo. Ushauri wangu: rimu zako usizitupe. Tafuta tairi laini za 40-559, zinaandikwa 26 x 1.50. Breki zinabaki, nafasi inaongezeka, na ule mvumo unaisha.

Mtoto wa Shela
Lakini atashuka chini! 559 na 80 ni 639. Milimita 14 karibu na ardhi. Hesabu nimeshajifunza, eti.

Fundi Kisumu Ndogo
Umenibana, soda ni yako. Ni kweli, pedali ya ndani asiikanyage akikata kona, na gia nzito itakuwa nyepesi kidogo. Kwa lami ya Gede anaweza kuishi na hilo.

Binti Mambrui
Jambo jingine: rimu za resi nyingi zina tundu la vali nyembamba, na mipira yake haijazwi kwenye pampu ya petroli stesheni bila kijiadapta. 26 yako ina vali kama ya gari. Pancha ikikupata Timboni utajua thamani yake.

Mpanda Upepo
Nimeamua, ni 40-559. Yule fundi nimemwambia magurudumu abaki nayo, amenuna kidogo. Mwenye kuziona hizo tairi Malindi mjini anitajie bei, la sivyo nitaagiza Mombasa zije na basi.

Mzee wa Gongoni
Ukiagiza, mwambie muuzaji akupigie picha ya ubavu wa tairi, namba zisomeke. Usikubali "ni 26 bosi".